Orodha ya Mahudhurio ya Ngitili Yetu

Siku jibu la mkurugenzi wa halmashauri lilipofunguliwa tulikuwa watu saba, ndani ya darasa la tano la shule yetu ya msingi, Jumamosi asubuhi. Alikuwepo Maduhu, mwenyekiti wa kijiji, ambaye mama yake na marehemu mume wangu walikuwa ndugu wa tumbo moja. Alikuwepo Mzee Lutambi, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, aliyenifundisha kazi. Huyu hakuwa ndugu wa mtu yeyote kijijini, na alisema ndiyo sababu watu walimwamini. Alikuwepo Jidayi, mwenye ng'ombe wengi kuliko sisi wote, na mkewe Ngolo. Alikuwepo Minza, mke wa Luhende, na Luhende ni mdogo wake Jidayi. Luhende mwenyewe hakuwepo, maana alikuwa ameondoka na ng'ombe kuelekea Katavi miaka tisa nyuma. Alikuwepo Wakili Neema kutoka Bariadi, binti mdogo tu, aliyekuja na pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Wa saba ni mimi, Kabula, ambaye wengi mnaniita Mama Limi, msaidizi wa kisheria wa kijiji. Mimi na Minza wote tulitoka Lalago, tukaolewa hapa mwaka mmoja, kwa mvua zile zile.

Naanza na majina kwa sababu kosa letu lilikuwa la majina, na aliyelifanya ni mimi. Ninyi mliopokea mkoba wangu mwaka huu, baada ya macho yangu kukataa, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokwenda. Semina mtapewa, tena na soda. Haya ya kwangu hayamo kwenye semina.

Nilisoma hadi darasa la nne, nikatolewa kulea wadogo zangu. Walipokuja kutafuta wasaidizi wa kisheria walitaka mtu aliyemaliza la saba. Mzee Lutambi aliwaambia, "Huyu mama anajua jina la kila mtu, la baba yake, na la fahali wake. Mkimwacha mtachukua mtu anayejua kusoma majina ya watu asiowajua." Wakanichukua. Siku ya kwanza nilipewa kalamu mbili, daftari gumu, kidau cha wino wa dole gumba na fulana iliyonibana. Fulana nilimpa Limi.

Mzee Lutambi alitufundisha chini ya paa la stoo ya pamba, msimu ukiwa umeisha na stoo tupu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akikupa barua uisome kwa sauti, ukifika mahali macho yalipokudanganya anagonga meza. "Rudia. Umesoma unachotaka wewe." Sheria yake kubwa ilikuwa kwamba karatasi yoyote inayohusu watu isomwe kwa sauti mbele ya watu hao, yote, kuanzia tarehe hadi sahihi, kwa sababu wengi wetu hatusomi na asiyesoma hana njia nyingine ya kujua amewekewa nini. Nimeishika sheria hiyo hadi mwisho. Mtaona ilinifikisha wapi.

Kesi nyingi zilikuwa ndogo. Mtendaji amekamata mbuzi wa mtu kwa mchango wa ujenzi bila risiti, au mgambo wamemlaza mtu mahabusu ya kata bila kosa lililoandikwa. Hapo unakwenda na barua yako, unasalimia, unakaa, unaomba uonyeshwe kifungu. Mara nyingi mbuzi anarudi kabla hujamaliza chai. Viongozi wetu wengi si watu wabaya. Hawajawahi tu kuulizwa.

Hili la ngitili lilikuwa kubwa.

Wageni wakisoma hapa, ngitili ni eneo la malisho tunalolifunga mvua zikianza, nyasi ziote ndefu, halafu tunalifungua kiangazi ng'ombe wakiwa hawana kitu. Ngitili yetu ina sehemu za kaya thelathini na moja, kila kaya inajua mpaka wake kwa mti na kichuguu. Ya Minza ilikuwa katikati, kwenye bonde, nyasi zake zinakufika kiunoni. Alikuwa na ng'ombe wanne tu waliobaki Luhende alipoondoka, na nyasi za ziada aliwakatia watu waezekee paa. Bila bonde lile Minza hakuwa na kitu.

Siku moja tulikuta vijana wa vipimo wamesimika vigingi vya zege kuanzia barabarani hadi bondeni. Halmashauri ilitaka kuweka mnada mpya wa ng'ombe. Hakuna aliyetuita, hakuna mkutano wala karatasi. Vijana wa kijiji walikwisha kuchukua sururu. Mzee Lutambi alikuja na fimbo yake akasimama mbele ya kigingi cha kwanza.

"Ukiking'oa hiki," alimwambia Masunga, mkubwa wao, "kesho kesi itakuwa ya kigingi. Ngitili hakuna atakayeiuliza tena."

"Sasa tukae tu, guku?" aliuliza, akimwita babu kwa heshima.

"Kaa. Lakini kaa kwenye mkutano, uandikwe."

Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo mtakavyofanya. Ardhi ya kijiji haiwezi kuchukuliwa kimyakimya; mkutano mkuu wa kijiji lazima ujulishwe na usikilizwe. Kwa hiyo dai letu lilikuwa moja tu: hatukuitwa. Tulimwomba Maduhu aitishe mkutano, tangazo likabandikwa kwenye mbao, ajenda ikaandikwa. Watu walijaa uwanja wa shule. Waliopinga vigingi walinyoosha mikono wakahesabiwa. Muhtasari aliuandika mwalimu. Orodha ya mahudhurio niliiandika mimi, nikiwa mezani, watu wakipita mmoja mmoja.

"Nani?"

"Kaya ya Shigella."

"Dole hapa, mayu, mama yangu. Nani?"

"Kaya ya Mabula, na useme Mabula mwenye jicho, si yule wa mbuyuni."

Na Minza alipofika aliinama akasema taratibu, "Kaya ya Luhende."

Nikaandika Luhende. Sikuwaza chochote. Kwetu mtu hasimami mkutanoni kwa jina lake, anasimamia kaya, na kaya inaitwa kwa mwenye kuianzisha hata akiwa amelala chini ya mawe miaka ishirini. Mimi mwenyewe, mezani pale, nilijiandika jina la marehemu mume wangu.

Barua tuliiandika nakala nne. Shikeni hili: ukifika halmashauri usimwachie mlinzi, usimwachie dereva, usimwachie mtu mwenye tai aliyekukuta kwenye korido akasema "nipe tu mama nitaifikisha." Ipeleke masijala. Nakala moja wanabaki nayo, moja unagongewa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, unarudi nayo. Mara ya kwanza muhuri haukuwepo, aliyeutunza alikuwa msibani. Nikarudi siku ya pili, wino ulikuwa umekauka. Nikatoa kidau changu cha dole gumba. Binti wa masijala alicheka hadi akashika meza.

"Bibi, umekuja na wino wako?"

"Kesho nitakuja na muhuri."

Halmashauri haikuijibu barua. Wakili Neema ndiye aliyetuonyesha mlango uliofuata. Huwezi kuamka ukaishtaki serikali. Kwanza unaipa notisi ya siku tisini, unaeleza kosa na unachotaka, na nakala inakwenda kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kuna na njia ya kuiomba Mahakama Kuu ifute uamuzi wenyewe, lakini hiyo ina miezi sita tu tangu uamuzi kutolewa, na alituambia tusikae nyumbani tukihesabu mvua. Notisi ikaenda, na muhtasari na orodha yangu nyuma yake.

Ndipo likaja lile jibu, na tukakaa watu saba darasa la tano. Neema alilisoma kwa sauti. Mwanasheria wa halmashauri aliandika kwamba amelinganisha orodha yetu na rejista, na kwamba wahudhuriaji wengi wa huo mkutano ni marehemu, mmoja amefariki kabla ya kijiji kusajiliwa. Kwa hiyo mkutano haukufanyika, nyaraka ni za kughushi, na walioziandaa wanaweza kushtakiwa.

Jidayi alicheka. "Kumbe tulikaa na mizimu. Ndiyo maana hawakuomba maji."

Hakuna aliyecheka naye. Mzee Lutambi alivuta orodha karibu na uso, akapitisha kidole jina kwa jina, kisha akaniangalia. Hakugonga meza. Ningependa angegonga.

"Mama Limi, wewe uliwajua wote."

"Niliwajua."

"Na bado uliandika hivi."

"Niliandika walivyoitika."

Maduhu alisema mkutano mwingine hataitisha. Ghafla alikuwa na safari nyingi na kifua. Simlaumu, alikuwa ameitwa wilayani mara mbili na kurudi bila hamu ya kula. Neema akasema basi kilichobaki ni kiapo. Kila aliyekuwepo siku ile aape kwa jina lake mwenyewe, aeleze jina la kaya alilolitaja ni la nani na yuko wapi, na ardhi ameipataje. "Wakituletea wafu," alisema, "tuwapelekee walio hai."

Kazi ya kuwakumbuka ikawa yangu. Orodha ilikuwa ya majina mia moja na kumi na nane, na nyuma ya kila jina nilijua aliyeweka dole. Shigella alikuwa ni Nkwimba, mkwe wake. Mabula mwenye jicho alikuwa ni Kwangu, mjane wa mwanawe. Nilizunguka wiki tatu kwa miguu, Neema akinifuata kwa pikipiki kila Jumamosi na mashine yake ya kuandikia na muhuri wake. Wengi walikuwa wanawake, na wengi hawakuwahi kuandika jina lao popote ila kliniki. Kwangu aliniuliza, "Niandike Kwangu tu, hivi hivi?" Nikamwambia hivi hivi. Akaliangalia muda mrefu, akasema ni fupi kuliko alivyodhani.

Minza nilimwacha wa mwisho, kwa kuwa nilijua.

Nilimkuta anachambua choroko. Alinikaribisha kigoda, akanipa uji, tukaongea habari za Lalago hadi uji ukaisha. Halafu akasema yeye mwenyewe, "Umekuja kuniandika."

"Nimekuja."

"Utaandika nini kuhusu baba Holo?"

Nikamweleza alivyosema Neema. Kwamba aape kuwa mumewe aliondoka, hajamwona wala kupata habari zake kwa miaka tisa, na kwamba eneo la bondeni analitunza yeye.

Aliacha choroko. "Mimi kila mkutano naitika kaya ya Luhende. Kanisani nikitoa sadaka wanaandika Luhende. Shemeji zangu wanajua yuko safari. Nikiapa sijapata habari zake, si nitakuwa nimemzika? Tena nimemzika bila matanga."

"Halmashauri itachukua bonde, Minza."

"Najua."

"Jina lako likikosekana, sehemu ya katikati haina mtetezi. Hata sisi wengine tutayumba."

"Najua, Mama Limi. Nakuuliza kuhusu baba Holo."

Na hapo nikasema neno ambalo Mzee Lutambi angenigongea meza hadi ivunjike. Mimi, niliyezunguka miaka kumi na saba nikiwaambia watu karatasi ni kila kitu, nilimshika mkono nikasema, "Ni karatasi tu, Minza."

Akaapa Jumamosi hiyo. Jina lake aliliandika mwenyewe, herufi kubwa, Z imegeuka nyuma.

Tulipeleka viapo mia moja na kumi na vinne; wanne walikuwa wamefariki kweli tangu siku ya mkutano, nao tukaeleza. Siku tisini hazikuisha. Barua ilikuja, imegongwa muhuri wa rangi ya zambarau, kwamba mradi wa mnada umehamishiwa eneo lingine "kutokana na sababu za kiufundi." Mkisubiri serikali iandike kwamba ilikosea mtazeeka. Chukueni sababu za kiufundi mwende nyumbani. Vijana wale wale wa vipimo walikuja kung'oa vigingi vyao wenyewe, Masunga akawabebea sururu.

Tulifanya mkutano wa shukrani. Nikasimama na faili, na kwa kuwa karatasi inayohusu watu husomwa mbele ya watu, nikasoma viapo. Vyote. Watu walisikiliza majina yao yakitajwa kwa mara ya kwanza uwanjani, wanawake wakipiga vigelegele kila mmoja akifikiwa. Nilipofika kwa Minza nilisoma kwa sauti ile ile, sikupunguza. Sijamwona wala kupata habari zake kwa miaka tisa. Vigelegele vilipigwa na hapo pia, kidogo. Nilimwona Jidayi ameinua kichwa.

Wiki ya pili Jidayi alikwenda kwa Minza na wazee wawili wa ukoo. Minza alinieleza mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa.

"Amenisalimia vizuri. Mwadila mayu, mwadila. Akasema, shemeji, kumbe ndugu yetu amekufa na hukutuambia. Nikasema sikusema amekufa. Akasema umeapa mbele ya wakili, Kabula ametusomea. Kama yupo, aje. Kama hayupo, bonde ni la baba yetu, linarudi kwa wakubwa."

"Haliwezi kurudi," nilisema. "Wewe ni mke. Kiapo kile kile kinasema unalitunza wewe. Kesho tunakwenda baraza la kata, wakikataa tunakwenda juu. Sheria iko upande wako, Minza, hii kesi ni nyepesi kuliko ile."

"Nyepesi."

"Tumeishinda halmashauri. Jidayi ni nani?"

Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani, si kwa hasira. "Halmashauri iko wilayani, Mama Limi. Jidayi nachota naye maji. Mtu akifa kwangu, ni yeye wa kuchimba kaburi. Nikimshtaki, nani atanijibu salamu asubuhi?"

"Mimi."

"Wewe utanijibu," akasema, "halafu utakwenda kwenye kesi ya mtu mwingine."

Nilimwandikia barua ya malalamiko hata hivyo, nakala nne. Nilimpelekea mara tatu aweke dole. Mara ya tatu alikuwa amefunga mlango, na ng'ombe wake wanne walikuwa zizini kwa Jidayi. Mzee Lutambi nilimweleza, akiwa tayari kitandani na maradhi yaliyomchukua. Aliniuliza kitu kimoja: "Kabla hajaapa, ulimuuliza nani mwingine atakisikia kiapo?" Sikuwa nimemuuliza. Sasa ninyi ulizeni. Mnapokwenda kumwapisha mtu dhidi ya serikali, muulizeni kwanza nani nyumbani kwake atalishika neno lile, na limfanye nini. Kisha mwambieni wakili aandike na haki yake kwa hao wa nyumbani, wazi, siku hiyo hiyo, kabla wino haujakauka. Na mbele ya mkutano someni kila kinachowahusu wote, ila kinachomhusu mtu mmoja someni kwa huyo mmoja.

Minza aliondoka msimu wa pamba, akaenda Nassa kwa binti yake Holo, anayeuza dagaa huko. Alipanda lori la pamba, juu ya marobota, na furushi moja. Bonde amelifunga Jidayi, nyasi ni nzuri. Luhende hajarudi wala hakuna mtu aliyesema amemwona. Mzee Lutambi tumemzika. Maduhu amemaliza muda wake. Neema amehamia mji mkubwa, ananipigia simu sikukuu. Nami nakaa barazani, watu wakipita wananisalimia vizuri sana, "mwangaluka mayu, shikamoo bibi," wanaendelea na safari. Wakati mwingine nataja majina ya orodha ile kwa mpangilio, moja hadi mia na kumi na nane, kuona kama yamo. Yamo. Namba sitini na mbili bado inatoka mdomoni Luhende kabla sijajizuia.

Majina sidhani kama nimekosea. Mengine yanaweza kuwa yamechanganyika, siku, nani alikaa wapi, kama ni Ngolo aliyeleta maji au ni mwingine. Mliokuwepo nisahihisheni, sitakasirika. Ila nawaomba zaidi kuhusu asubuhi ile ya lori. Ninavyokumbuka mimi, lilipita mbele ya nyumba yangu polepole, kwa sababu ya mashimo, nami nilikuwa nimesimama na ufagio, na Minza alikuwa anatazama mbele, barabarani, hadi likakata kona. Masunga alikuwa kwenye lori lile, na mke wa Shigella mdogo pia. Kama kuna mmoja wenu aliyemwona anageuka, au ananyanyua mkono hata kidogo, aje aniambie nimekosea.